Gome la Kiganja Kimoja

Siku mlio wa kinu ulipoanza kujitwangia wenyewe ilikuwa saa sita mchana, jua kali, mlango wa duka uko wazi na watu wanapita na shughuli zao. Nasema mapema kwa sababu wapo wanaodhani majini huja gizani tu. Hao waendelee kudhani.

Chekecheke alikuwa ameweka mchi chini anywe maji. Watu walimwita hivyo kwa kuwa tangu usichana wake hakuonekana bila chekeche mkononi na unga mwekundu kwenye nyusi. Alikunywa kikombe cha kwanza, akamimina cha pili, ndipo alipogundua kwamba bado anasikia. Tu. Tu. Tu. Mtwango wa polepole, wa mtu asiye na haraka. Aligeuka. Mchi ulikuwa umelala sakafuni palepale alipouweka, na kinu kimekaa kimya. Mlio ulitoka ukutani, kwenye magunia ya magome.

"Baba watoto," aliita kwa sauti ya chini, "hebu njoo usikilize."

Mumewe alikuwa dukani anafunga pakiti. Huyu naye mtaa mzima ulimwita Magome, na jina lilimkaa sawasawa, maana ndiyo kazi aliyokuwa anakula na kulala nayo. Alikuja anafuta mikono kwenye suruali, akasimama mlangoni, akasikiliza.

"Panya," akasema.

"Panya gani anatwanga?"

"Panya wa siku hizi wamesoma." Akacheka peke yake na kurudi kwenye pakiti zake. Lakini alikuwa amesikia vizuri sana, na pakiti tatu zilizofuata alizifunga kichwa chini.

Nyumba yao ilikuwa na duka mbele, chumba cha kutwangia katikati, na nyuma chumba cha kukaushia chenye chanja za waya hadi darini. Biashara haikuwa ya Magome. Ilikuwa ya baba mkwe wake, mzee mmoja mkavu, mkali, aliyemfundisha kazi kijana wa watu kisha akampa na binti. Walichouza kilikuwa dawa za magome ya miti ya msituni. Gome la tumbo, gome la viungo, gome la kifua, na juu ya yote gome la mponya, mti mkubwa wenye utomvu mwekundu na harufu kali ya uchungu, uliotibu homa zilizoshindikana.

Mzee huyo alikuwa na sharti moja, na alilirudia mpaka likachosha. Bandua upande mmoja tu, upana wa kiganja chako, usizunguke. Kidonda kipake udongo. Usiurudie mti huo mpaka kidonda kifunge. Mti hula kwa kupitia gome, alisema, ukilizungusha umeukaba koo. Magome, akiwa bado kijana, alimuuliza kwa utani, "Na hilo linalobaki, baba, tunamwachia nani?" Mzee hakucheka. Alisema, "Mwenye nyumba."

Basi mzee alikufa, na kabla matanga hayajaisha likaja lori. Mnunuzi kutoka mbali, miwani ya jua, simu mbili. Hakutaka pakiti, alitaka magunia. Magome akaona kiganja ni upuuzi wa wazee. Akachukua panga na watu wanne, wakaingia msituni, wakawa wanabandua mti kuanzia magotini mpaka mkono unapofika, mzunguko mzima, dakika chache tu, haya, mwingine. Nyuma yao miti ilibaki imesimama myekundu, kisha ikawa myeupe, kisha mikavu. Miponya mikubwa iliisha kwanza, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inazaa mbegu, midogo haikuota tena. Wakahamia mti wa viungo, nao ukaisha. Mti wa tumbo ukaisha. Palipokuwa na miti ya kila namna, ambayo hata mzee hakumaliza kuitaja, paliota mti mmoja tu, mti-bure, uliopewa jina hilo kwa sababu hautibu kitu, haujengi kitu, wala kuni zake haziwaki vizuri. Ukitazama kutoka barabarani utasema msitu upo, tena ni wa kijani. Ingia sasa.

Na lori lilikuwa bado linakuja. Magome alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu, hata mkewe. Alibandua mti-bure, akauchemsha kwenye pipa na rangi nyekundu ya kutia mikeka, akaunyunyizia ngumi moja ya unga wa mponya wa zamani ili unukie, akaukausha. Hilo ndilo lililojaa kwenye magunia. Chekecheke aliposogeza unga wake puani mara ya kwanza alikunja uso. "Mbona umepoa huu?" Mumewe akamwambia gome limetoka mbali, ardhi ya huko si kama ya huku. Akamwamini. Ndoa ya miaka ishirini na mitano, kwa nini asimwamini?

Baada ya mlio ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya utomvu mbichi, ya mti uliokatwa sasa hivi, kwenye nyumba ambayo haikuwa imeingiza gome bichi la mponya kwa miaka miwili. Ilikuwa kwenye mapazia, kwenye mto wa kulalia, kwenye maji ya kunywa, mpaka chai ikawa chungu, na wateja wakawa wanaingia dukani, wanavuta pumzi na kusifu, "Aa, leo mmeleta mali safi!" Magome alitabasamu na kuwauzia.

Alfajiri moja Chekecheke alitoka bafuni ameshikilia ubavu wa kulia. "Hebu niangalie hapa. Panawasha."

Magome aliangalia. Kiunoni mwa mkewe, upande mmoja tu, ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka mistari ya kusimama, rangi ya udongo. Ukingo wake ulianza kubanduka. Upana wake ulikuwa wa kiganja. Hakuhitaji kuweka mkono wake juu yake apime, lakini aliuweka, na ulienea.

"Ni joto," akasema.

"Joto linapima?" Chekecheke aliuliza, akitaka kucheka, asiweze.

Kesho yake alama ilikuwa imesogea vidole viwili kuelekea mgongoni. Keshokutwa vidole viwili vingine, kuelekea kitovuni. Hospitali walimpa mafuta ya kupaka na kumwambia asijikune. Alipaka, na alama ikaendelea na safari zake pande zote mbili. Magome alikuwa anahesabu vidole kila asubuhi, na hakuna aliyejua kuliko yeye nini hutokea pale ncha mbili zinapokutana.

Dada yake Magome alikuja kukaa nao, mwanamke wa maneno mengi na mikono ya kazi. Alimwosha mgonjwa, akampikia uji, na kumtania ili asikate tamaa. "Wifi, ukipona utaniazima mchi nimtwange kaka yangu, maana amekuwa bubu." Chekecheke alicheka kwa kukwama. Pumzi ilikuwa haishuki tena mpaka chini.

Ilikuwa alasiri ya siku ya nane. Chekecheke amesinzia kwenye kiti chumba cha kutwangia, kwa sababu huko ndiko alikopumua vizuri kidogo, wifi yake anachambua mchele miguuni pake, na Magome ameegemea mlango, pale midomo ya mgonjwa ilipoanza kutembea kabla ya sauti kutoka, na sauti ilipotoka haikuwa ya kiume wala ya kike, ilikuwa kavu, kama ubao unaopasuliwa polepole.

"Wa kulia kwangu yuko wapi?"

Mchele ulimwagika. "Wifi?" dada akanong'ona. "Wifi, unasema na nani?"

"Wa maua meupe. Alikuwa kulia kwangu. Na yule wa matunda wanayopenda nyani. Na yule mfupi, wa maziwa. Na mtambaa uliokuwa unanishika bega. Nimezunguka na kuzunguka, nikabisha kila shina na kuuliza kwetu ni wapi, na kila shina linanijibu jina moja, jina lilelile, wote wamekuwa mmoja, hakuna anayenijua, hakuna aliyekuwepo, nikafuata harufu yangu mpaka hapa, ikanileta kwenye magunia, nikabisha kwenye magunia, na humo ndani pia si mimi." Macho yalifunguka, meupe, yakamtafuta Magome bila haraka. "Wewe ndiye uliyezunguka. Na mimi nazunguka."

Chekecheke aliamka akiomba maji, hana hili wala lile. Dada alimvuta kaka yake uani kwa ukosi wa shati. "Kaka, mlifanya nini huko msituni?"

"Kazi," akasema Magome. "Tulifanya kazi."

Walimleta Mzee Miwani. Huyu alikuwa mganga mzee wa mtaa wa pili, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na chumba chenye benchi ambalo halikuwa tupu hata siku moja. Alikuwa mteja wa nyumba hiyo tangu enzi za baba mkwe. Alimtazama mgonjwa kiunoni. Palikuwa pamebaki vidole vitatu, upande wa kushoto. Akafunika nguo taratibu, akamwambia Magome kwa sauti ya chini:

"Huyu si jini mbaya. Ni wa mti. Amekosa kwao, akaingia kwa binti wa yule aliyekuwa akimwachia nafasi. Hatumpigi, hatumtukani. Tunamfukiza mponya. Akisikia harufu ya kwao ataufuata moshi na kutoka mwenyewe."

"Mponya," Magome akarudia.

"Usihangaike, ninao." Mzee Miwani akafungua mkoba na kutoa kopo. Ndani yake mlikuwa na unga mwekundu, laini, uliochekechwa vizuri. "Si uliniletea wewe mwenyewe mwezi uliopita?"

Hapo ndipo ningependa kuwaambia kwamba Magome alisema. Hakusema. Alitazama kopo, akatazama makaa, dada yake yuko pale, majirani wawili wako dirishani, akafikiri kwamba mle ndani mna ile ngumi moja ya unga wa kweli, labda itatosha. Aibu ni kitu cha ajabu, inaweza kumkalia mtu shingoni huku mkewe anakufa mbele yake.

Unga ulimwagwa kwenye makaa. Moshi ulipanda mweusi, wenye harufu ya mkeka unaoungua. Chekecheke alikohoa, akakohoa, akainua kichwa, na ile sauti kavu ikatoka ikiwa na uchovu mwingi kuliko hasira.

"Hii si kwetu."

Mzee Miwani akaongeza unga. Moshi ukajaa chumba. Kwenye chumba cha kukaushia chanja zilianza kutikisika, na mtwango ukaanza, si mmoja sasa, ni mitwango mingi, kila gunia na wake, tu, tu, tu, haikutani, nyumba nzima inatwangwa kutoka ndani, na Chekecheke ameshika ubavu anapiga yowe lisilo na pumzi ya kutokea, na dada amempigia magoti kaka yake anamwambia sema, kaka, kama kuna neno sema, kaka, wifi yangu anaisha.

"Ni feki!" Magome akapayuka. "Mzee, ni feki. Ni mti-bure na rangi. Mponya uliisha."

Mzee Miwani alivua miwani yake. Aliposema hakumsemesha jini wala mgonjwa.

"Binti wa fundi cherehani alikuwa na homa. Nilimpa unga wa kopo hili siku tano. Mama yake aliniuliza mbona hapati nafuu, nikamwambia vumilia, dawa ya mponya haijawahi kunidanganya." Akafunga kopo. "Tulimzika Ijumaa."

Dada aliinuka magotini, akamwacha kaka yake.

Alipoinuka kuondoka alimwekea Magome kidole kifuani. "Nenda msituni. Mponya mmoja tu, ulio hai. Kibandue kipande kinachotosha kujaza kiganja, na usiuzungushe. Unanisikia? Jini akitoka hapa anahitaji mahali pa kwenda. Ukiuua mti huo, atarudi hapa hapa, na safari hiyo hatauliza njia."

Magome aliondoka kabla ya jua kuchomoza, palipobaki pakiwa vidole viwili. Alitembea peke yake kati ya miti-bure iliyosimama sawasawa, majani yaleyale, vivuli vilevile, hata ndege hakuna maana hakuna tunda. Kila mara aliona kitu cheupe kwa mbali, akakimbilia, akakuta ni mponya aliouvua gome mwenyewe, umesimama mkavu, na alama za panga lake bado zinasomeka. Aliita. Sijui alimwita nani. Kufikia saa nane alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

Aliupata kwenye korongo, katikati ya mawe mawili, pahali ambapo panga halikufika. Ulikuwa mchanga, unene wa kifundo cha mkono, majani saba au nane. Aliupapasa, akaukwaruza kwa ukucha. Utomvu ukatoka mwekundu na ile harufu ya uchungu ikampanda puani. Alipiga magoti. Aliapa kwa sauti, akiwa peke yake, kwamba atafanya kama alivyofundishwa. Utepe mwembamba, mrefu, wa upande mmoja, wenye kujaza kiganja ukikunjwa. Baba mkwe wake angeutoa akiwa amefumba macho.

Alichomoa kisu na kuanza. Akilini alikuwa na mkewe, na vidole viwili ambavyo huenda sasa ni kimoja, na jua linaloshuka, na mkono, mkono wenyewe, ule uliobandua miti elfu kwa namna moja, ulifanya kazi yake kwa ufundi na haraka kama ilivyozoea. Kisu kilipita mbele, kikapita nyuma, kikarudi kilipoanzia. Gome likavuka zima mkononi mwake, kama soksi.

Alilitazama. Akautazama mti, ulivyobaki uchi chini na majani yake mabichi juu. Akajaribu kulirudisha. Alilizungushia tena, akalifunga kwa shati lake, akalifungua, kwa sababu ndilo gome alilokuja kulitafuta na jua lilikuwa limeshafika kwenye miti. Akaupaka mti udongo, tabaka juu ya tabaka, akakimbia.

Alifika nyumbani pamebaki kidole kimoja. Mzee Miwani alilipokea gome, akalinusa, akafumba macho. "Ni lenyewe," akasema. "Hukuuzungusha?"

Wote walikuwa wanamtazama. Mkewe pia, kwa macho yaliyozama.

"Sikuuzungusha," akasema Magome.

Moshi wa safari hii ulipanda mwekundu hafifu, na nyumba ikanyamaza yote. Chekecheke alivuta pumzi, moja, ndefu, mpaka chini. Ile sauti ilitoka mara ya mwisho, laini, kama mtu anayeitambua njia ya kwao baada ya kupotea sana. "Kumbe upo," ilisema. "Umeniachia?" Na bila kungoja jibu ikatoka, pazia likainuka, mlango ukafunguka, harufu ikapita barabarani kuelekea msituni, na mbwa wa mtaa mzima wakaamka na kuipisha.

Chekecheke alianza kupona siku hiyohiyo. Ngozi iliyokufa ilidondoka, mpya ikaja. Magome aliyachoma magunia yote uani, na lori lilipokuja alilifukuza kwa mawe. Sasa walitwanga tangawizi na kuuza tangawizi. Chekecheke alirudi kwenye kinu, mnene kidogo, akiimba. "Siku moja unipeleke huko korongoni," alimwambia mumewe. "Nikaushukuru mti ule."

"Nitakupeleka," akasema Magome.

Lakini alikwenda peke yake, kila siku, na ndoo ya maji na udongo. Hakuna aliyejua kwa nini anakonda. Mti uliozungushwa haufi siku hiyo, ndugu zangu. Hukaa wiki nyingi na majani yake ya kijani, unafikiri uko hai, na anayejua habari ni yule aliyeubandua tu. Wiki ya tatu majani yote yalikuwapo. Wiki ya tano bado yote yalikuwapo, akaanza kutumaini. Wiki ya saba alikuta moja limelala chini, la manjano. Kesho yake hakukuta hata moja juu.

Alirudi nyumbani saa sita mchana. Mlango wa duka ulikuwa wazi, watu wanapita. Chekecheke alikuwa ameweka mchi chini anywe maji. Alikunywa kikombe cha kwanza. Akamimina cha pili, kisha mkono wake ukasimama hewani.

Tu. Tu. Tu.

Haukutoka kwenye magunia, maana magunia hayakuwapo. Ulitoka chini ya nguo yake, kiunoni upande wa kushoto, pale palipokuwa pamebaki kidole kimoja. Alipaweka mkono, akamtazama mumewe kama alivyomtazama kwa miaka ishirini na mitano.

"Baba watoto," akasema kwa sauti ya chini, "umesikia?"

"Panya," akasema Magome.